Lami Kwenye Kuta za Tua

Mtaa wa Tua, Tororo
3 Mei 1952

Dada Mastula,

Salamu zitakuja mwishoni, zikipata nafasi. Kwanza niteme nyongo.

Jumatano hawa wanaojiita Kamati ya Mji Mpya walituita kwenye banda la soko. Unajua mtu mkubwa akitaka kukunyang'anya kitu huanza kwa kukukaribisha chai. Tulipewa chai na biskuti mbili mbili, na wazee wetu, watoto wa wanaume waliobeba pembe na mabunda ya vitambaa vichwani kutoka pwani mpaka chini ya Mwamba huu, walizila biskuti hizo kwa adabu, makombo yakiwaning'inia ndevuni. Mzungu kijana mwenye magoti mekundu akatandika ramani juu ya meza. Akasema, hii ndiyo Tororo ya kesho.

Nilisogea nikaitazama. Nikaona barabara pana ya malori ya saruji. Nikaona maghala, na nyumba za makarani wa kiwanda kinachojengwa, zimepangwa kama meno ya kitana. Nikaona miti ya mviringo, kijani tupu, imechorwa na mtu ambaye hajawahi kuketi chini ya mti wowote wa hapa. Nikaitafuta Tua. Haipo. Pale mama alipokuzalia wewe ni mahali pa kugeuzia malori. Msikiti wameuacha, wameuzungushia mstari mwekundu kama daktari anavyozungushia jipu.

Nikauliza, "Bwana, watu waliokaa hapa tangu kabla ya reli mmewachora wapi?"

Mkalimani akanong'ona, akanong'onewa, akasema, "Bwana anasema mpango wenu utakuja baadaye."

Baadaye! Nimesoma magazeti ya Nairobi na ya Kampala miaka thelathini, na neno hilo likitoka kinywani mwa wakubwa sijawahi kuona siku yake ikifika. Nikasimama juu ya benchi nikawasomea historia, ingawa hakuna aliyeniomba. Nikawaambia kwamba mtaa huu unaitwa Tua kwa sababu hapa ndipo msimamizi wa msafara alipopiga kelele "Tua!" na wapagazi wakashusha mizigo, na baba yetu Swaliki aliposhusha wake alisema haubebi tena, akachimbia nguzo palepale. Mzee Omaido alinivuta kanzu. "Mwalimu, keti, chai inapoa." Ningeweza kulia kwa kinyaa.

Lakini la biskuti ni dogo. Jana Ijumaa alikuja Ojulong. Ndiyo, Ojulong wetu, yule Mteso niliyesoma naye, aliyekula futari kwa mama yetu mpaka akaijua dua ya kufungulia ingawa Jumapili yuko kanisani. Sasa ni karani wa Kamati. Alikuja na kopo la lami na brashi, akawa anaandika nambari pembeni mwa kila mlango, nyeusi, ndefu kama mkono wa mtu. Nyumba arobaini na moja. Nyumba ya baba ni nambari tisa. Yangu ni kumi na saba.

Nikamwambia mbele ya watu, "Ojulong, unawapiga chapa ng'ombe wa nani?"

"Badiru, mimi natumwa tu."

"Hata punda hutumwa. Lakini punda hajisifu kwamba ni karani."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akasema taratibu, "Wacha hii namba ikae. Nakuomba. Usiguse."

"Kwa nini?"

Akatazama ndani ya kopo lake. "Nasema tu, wacha ikae."

"Basi jiandikie na wewe moja kipajini, bwana wako asije akakupoteza!" Walicheka mpaka mwisho wa mtaa.

Shangazi Zubaida alitoka nyumbani kwa baba kwa sababu ya harufu. Unajua macho yake sasa ni moshi mtupu. Akapapasa ukuta, lami ikamganda vidoleni. Akaniuliza wameandika nini. Nikamwambia.

Nasalimia. Msalimie shemeji na mke mwenzio. Samaki uliowatuma walifika, na gazeti la serikali ulilowafungia nimelisoma lote, mafuta na magamba.

Ndugu yako mwenye hasira,
Badiru bin Swaliki


Busia
11 Mei 1952

Mdogo wangu Badiru,

Waalaikum salaam, ingawa salamu zako zilikuja zikichechemea nyuma ya msafara.

Barua yako niliisoma mara ya pili nikiwa kwenye mstari wa forodha, askari akichoma vikapu vyangu kwa chuma, kana kwamba dagaa wamekaa juu ya bunduki. Alichoma, akanusa ncha ya chuma, akachoma tena kikapu kilekile. Kwa hiyo usidhani kinyaa kimezaliwa Tororo. Tofauti yetu ni kwamba mimi nikishachukizwa bado nauza samaki.

Sasa nijibu. Nambari hizo ni za nini? Umeniandikia kurasa nne, umenieleza magoti ya Mzungu na ndevu za wazee, na hilo hukuuliza. Ojulong si mjinga wala si mwoga. Mtu aliyekula kwenye sinia ya mama yetu akikwambia usiguse, kisha akatazama kopo, ana neno ambalo hawezi kulisema mbele ya watu. Mwendee jioni. Peke yako, bila wasikilizaji. Wewe bila wasikilizaji una akili nyingi sana.

La pili ni Shangazi. Usidhani nikipata neno baya nitamleta huku. Nyumba hii ni ya mke mwenzangu, na mimi mwenyewe nalala kwa ridhaa yake. Na hapo Tua Shangazi anakwenda kisimani bila fimbo kwa kuhesabu milango. Mahali pengine popote atakuwa kipofu. Hapo si kipofu.

La tatu ni kuta zako. Tangu mkeo afariki hakuna mkono uliozigusa. Mwezi wa Ramadhani unakaribia, na kumi la mwisho wanawake wa Tua watapita nyumba kwa nyumba kuparua udongo wa zamani na kukandika mpya kwa ajili ya Idd, kama walivyotufundisha sisi wasichana. Hukandika bure, wanachotaka ni mwanamume wa nyumba achote maji na kuwaambia ahsante. Mwombe Mama Awor. Najua mligombana mwaka juzi kwa sababu ulimsahihisha dua. Mwombe hivyo hivyo.

Dada yako,
Mastula


Mtaa wa Tua, Tororo
30 Mei 1952

Dada Mastula,

Nakusalimia mapema ili usinichape. Ramadhani imeingia, na vumbi la huko wanakopasua mawe ya saruji linaingia nalo. Tunafuturu uji wa rangi ya jivu.

Unataka nimwendee Ojulong. Yaani nikabishe hodi kwa mtumishi anieleze ujumbe wa bwana wake, kisha niseme ahsante? Nilichofanya ni bora kuliko hodi. Nilichukua karatasi kubwa kuliko zote alizonazo Mhindi wa dukani, nikaandika kwa mkono wangu, nikaibandika nje ya msikiti, na baada ya sala ya Ijumaa nikaisoma kwa sauti. Nakunakilia sehemu:

"Mtu huhesabu kilicho chake. Mwenye shamba huhesabu mbuzi wake, na mbuzi hawamhesabu mwenye shamba. Leo mmeandikwa nambari ukutani na mnapita mbele yake mkiitikia salamu, kana kwamba si usoni mwenu ilipoandikwa. Waliotujengea mtaa huu walikuwa wapagazi, na wapagazi nao walihesabiwa kila asubuhi, mzigo wa kwanza, mzigo wa pili. Walitua hapa ili wasihesabiwe tena."

Dada, ungeona! Hata Mzee Omaido wa biskuti alifuta jicho. Mama Awor, ambaye ndiye kiongozi wa wakandikaji, alinifuata hadi mezani pangu ninapowaandikia watu barua. Mjaluo huyu ameolewa Tua miaka thelathini na bado anakuuliza jambo kama askari anayekagua mzigo.

"Mwalimu, sasa tukianza kukandika, tukifika kwa hii namba tunapita kando yake ama tunaparua?"

Nilimjibu ipasavyo.

Kuhusu kuta zangu, ziache zilivyo. Mijusi hawanilalamikii. Mimi nina kazi ya kalamu, na mwaka huu mtaa wote umeielewa kazi hiyo. Nimeandika pia kwa magazeti mawili. Yakiwa na mhariri mwenye uti wa mgongo, utanisoma huko Busia hata kabla hujafungia samaki.

Badiru


Mtaa wa Tua, Tororo
1 Julai 1952

Dada Mastula,

Nilichelewa kukuandikia. Idd ilipita salama. Nguo mpya zilikuwepo, kuta zilikuwa zinang'aa, udongo ukinukia majivu na samadi.

Siku ya tatu baada ya Idd Kamati ilikuja, yule wa magoti na daftari lake na Ojulong nyuma yake. Walikagua nambari. Nyumba yenye nambari waliipigia alama. Nyumba isiyo na nambari waliandika kwamba mwezi wa Mei haikuwepo, imejengwa juzi kwa hila.

Mama Awor alimwambia, "Bwana, ndani ya hii nyumba nimezaa watoto sita. Nilizalia wapi, hewani?" Ojulong akatafsiri. Mzungu akaugusa ukuta kwa kidole, kidole kikatoka na udongo mbichi. Akasema, "Imekauka lini?" Akaandika.

Sasa ndiyo tumeambiwa. Kila nambari ilikuwa kiwanja. Ng'ambo ya reli wanajenga mtaa wa kuta za saruji na mabati, na mwenye nambari ndiye mwenye haki ya kuhamia. Asiye nayo aondoke kabla ya Agosti kwisha. Aende wapi? Nanukuu: "Mwello, au Kirewa. Kuna ardhi ya kulima." Watu wa Tua wakalime! Watu ambao kwa vizazi vitatu wameshona, wamechinja, wameendesha malori, wameuza chai kituoni! Wanazungumza juu ya jembe kana kwamba Mwafrika huzaliwa nalo mkononi.

Sasa sikiliza uchafu huu ulivyopikwa. Wanawake walikandika kama wanavyokandika kila mwaka. Ni mila. Nani asiyeijua mila hii? Ojulong anaijua, alikuwa akituchotea maji utotoni. Basi alijua kwamba Idd ikifika nambari zitakwenda na udongo, na akanyamaza. Huyo ni nyoka aliyefundishwa dua na mama yetu.

Tangu siku hiyo Shangazi anakaa mlangoni na kiganja chake kimebandikwa ukutani.

Mimi sijambo.

Badiru


Tororo
8 Julai 1952

Dada Mastula,

Mimi Ojulong nakusalimia sana, na mzee wa nyumba pia. Badiru hataki kuniona na macho, kwa hiyo naandika kwako sababu wewe ni mkubwa wake. Kiswahili yangu unaijua, utasamehe.

Namba ilikuwa ya kiwanja. Kweli nilijua. Kamati ilitukataza kusema, walisema watu wakijua watajenga vibanda mia moja kwa wiki moja kupata namba. Karani atakayesema anafukuzwa. Mimi nina watoto saba. Hiyo ni kosa yangu na nimebeba.

Lakini nilikwenda kwa Badiru jioni mara mbili. Mara ya kwanza alifunga mlango. Mara ya pili alifungua, akatoa ile karatasi yake, akanisomea yote mpaka mwisho. Nilisimama nikasikia yote. Akimaliza akasema, "Haya, mpelekee bwana wako." Nikaenda nyumbani.

Wamama hawakutaka kuparua namba. Awor alimuuliza kwa meza yake, mimi nilikuwa napita, nilisikia na masikio yangu. Badiru alisema, "Parueni mpaka fito zionekane." Na mwaka mwingine wamama hawaparui mpaka kwa fito. Mwaka huu waliparua, sababu ya yeye. Ile udongo yenye lami walitupa kwa shimo la taka, wakachoma.

Siku ya Idd nilikwenda kumpa mama Zubaida mkono wa Idd, kama kila mwaka. Alishika mkono yangu, hakuachia. Akasema, "Ojulong, mwanangu, kwa nini uliandika tusi kwa nyumba ya Swaliki?" Nikasema, "Si tusi, Mama. Ni tisa." Akasema, "Badiru alinisomea. Alisema ni tusi." Nikasema tena, ni tisa tu, Mama. Yeye akakaa chini.

Siku ya kukagua, jioni, nilikwenda kwa Bwana kueleza habari ya Idd na kukandika. Alisema hawezi kubadilisha daftari kwa sababu ya sikukuu.

Sasa kitu ya mwisho. Kwa nyumba arobaini na moja, namba moja imebaki. Ni kumi na saba. Yeye hana mke na wamama hawakandiki kwake, kwa hiyo hakuna mtu aligusa. Watu wa Tua wanasema alijua. Wanasema aliwaambia wafute ili abaki peke yake, na eti tulipanga sisi wawili. Mimi najua si kweli. Badiru hawezi kupanga kitu na mtu.

Mwenye namba lazima afike mwenyewe kutia sahihi kabla ya tarehe thelathini na moja. Akikosa, kiwanja inapewa karani wa kiwanda. Mwambie.

Ni mimi,
Ojulong


Busia
13 Julai 1952

Badiru,

Ojulong ameniandikia. Usijisumbue kunieleza Kiswahili chake, nimekielewa kuliko chako.

"Nilimjibu ipasavyo." "Nikamwambia." Hayo ndiyo maneno uliyonipelekea, wewe unayejaza kurasa nne juu ya biskuti! Nilipoyasoma niliona kuna kitu kimefunikwa, nikajisemea, aa, amechoka kuandika. Wewe, kuchoka kuandika!

Mwanamke aliyekubeba mgongoni alikuuliza kilichoandikwa ukutani mwake. Hawezi kuona. Alikuuliza kwa sababu wewe ndiye macho yake, uliyesomeshwa kwa vitumbua alivyouza kituoni. Ukamwambia ni tusi. Badiru, hata yule askari wa forodha akichoma kikapu changu akakuta dagaa, husema dagaa.

Halafu, "wanawake walikandika kama kila mwaka." Umewatupia wao. Mama Awor ana vidonda mikononi kwa kuparua mpaka fito kwa amri yako, na wewe unaniandikia mila.

Na "mimi sijambo"! Bila shaka hujambo. Wewe una nambari.

Mimi sidhani ulipanga. Nakujua, ungependa sana sifa ya kuifuta yako ya kwanza, mbele ya watu, na hotuba. Ulisahau tu. Uliwaambia watu wote wafute chapa usoni, na yako ukapita nayo mlangoni asubuhi na jioni bila kuiona, kwa kuwa kushika udongo ni kazi ya wanawake. Nimechukizwa, na leo sikuuza samaki.

Nenda kwa Shangazi. Ukishatoka kwake ndipo uniandikie.

Mastula


Mtaa wa Tua, Tororo
19 Julai 1952

Dada Mastula,

Assalaam alaikum. Kila ulichoandika ni kweli. Nimejaribu siku tano kutafuta neno moja la kukusahihisha, na sikulipata.

Nilikwenda kwa Shangazi. Nilikuwa nimepanga maneno. Kabla sijayatoa akasema, "Nisomee mkono wangu." Akanyoosha kiganja. Lami ilikuwa bado imeganda kwenye mistari ya ngozi. Nikasema, "Ni lami, Shangazi." Akasema, "Si tusi?" Nikasema si tusi. "Basi umejifunza kusoma," akasema, akageuka ukutani.

Nikipita mtaani hakuna anayenitukana, na ningeshukuru wangenitukana. Wananiuliza hali ya nambari. Mama Awor akifagia mlangoni husema kwa sauti ya heshima, "Mwalimu, kumi na saba imeamkaje?" Wenzake wanaitikia, "Imeamka salama, inasubiri kiwanja." Mzee Omaido, aliyelia nilipoisoma ile karatasi, aliibandua ukutani akafungia ugoro. Sikumlaumu. Niliisoma tena kwenye mkono wake, na Dada, ilikuwa imeandikwa vizuri. Hilo ndilo linalonitapisha. Kila sentensi ilisimama sawasawa, na hakuna hata moja iliyokuwa imeuliza swali.

Sasa nimeamua. Nimechimba udongo na nimepata samadi kwa mchinjaji. Ijumaa ijayo, baada ya sala, watu wakiwa wametoka, nitaipaka nambari yangu mbele yao, kwa mikono yangu. Sitachukua kiwanja. Nitakwenda nao Mwello nikafe na jembe kama wao. Hapo watajua kwamba Badiru bin Swaliki hakuuza Tua. Nimeandika maneno machache ya kusema siku hiyo.

Badiru


Busia
23 Julai 1952

Badiru,

Nampa dereva wa lori barua hii ili ikufikie kabla ya Ijumaa. Choma hayo maneno machache.

Ukiipaka hiyo nambari, wewe utanawa uso, na maji utakayonawia ni ya Shangazi. Ukifika Mwello utakuwa shujaa, yeye atakuwa ajuza kipofu katika shamba la mtu, hajui mlango uko wapi. Wanawake watakusifu jioni moja. Yeye atanyeshewa miaka yake yote iliyobaki.

Nenda ukatie sahihi. Chumba cha mbele kiwe chake. Mlango ufungukie upande wa njia ya kisima, umhesabie hatua mpaka azijue. Na wakikuita msaliti, usijieleze. Usibandike karatasi. Usiwaandikie magazeti. Ukijieleza, watasema kiwanja kimekupa ulimi. Najua nakuomba kitu kigumu kuliko Mwello.

Mastula


Mtaa wa Tua, Tororo
5 Agosti 1952

Dada yangu mpenzi Mastula,

Salamu sana, na salamu za Shangazi ambaye ameketi hapa karibu ananisikiliza kalamu ikikwaruza. Msalimie shemeji, msalimie mke mwenzio na watoto wake, kila mmoja kwa jina lake. Nakuomba radhi. Hayo ndiyo yaliyopaswa kuwa mwanzo wa barua yangu ya kwanza.

Nilitia sahihi tarehe thelathini. Walifanyia shughuli hiyo palepale banda la soko, mlango wazi, na Tua nzima ilikuja kutazama. Safari hii hapakuwa na chai. Ojulong alisoma maneno ya karatasi kwa sauti: "Mimi Badiru bin Swaliki nilipewa nambari, nikaitunza." Akanitazama, kama mtu anayekushikia mlango. Nikasema, "Ndiyo, niliitunza." Nikaandika jina langu. Nyuma yangu mtu alitema mate. Nilisikia yakianguka, sikugeuka.

Nilipotoka nikamwambia Ojulong, "Jioni nitabisha hodi kwako." Akasema, "Usilete karatasi."

Shangazi alipoambiwa alitaka kupelekwa kwenye ukuta wangu. Akapapasa nambari, polepole, moja, kisha saba. Akasema, "Wameandika nini?"

"Kumi na saba, Shangazi."

"Kweli?"

"Kweli."

Akakubali kuhamia. Lakini akatoa sharti. Nyumba ya Swaliki haitaachwa ikiwa na nyufa. Mvua ya wiki jana iliupasua ukuta wa magharibi, na wiki tatu kabla ya watu wa Kamati kuja kuubomoa, yeye anataka ukandikwe. Nikamwambia, wataubomoa. Akasema, "Maiti huoshwa." Wanawake hawawezi kuja, wanafunga mizigo, na hata wangeweza wasingekuja kwa ajili ya nyumba yetu. Kwa hiyo udongo ule niliouchimba kwa ajili ya hotuba yangu, jana asubuhi niliumwaga mbele ya nambari tisa, nikamwagia maji, nikavua viatu, nikapandisha kanzu, nikaingia. Shangazi aliketi kizingitini akiamuru: kanyaga, geuza, kanyaga.

Dada, samadi baridi hupanda katikati ya vidole vya miguu kama kitu kilicho hai. Ninyi mlifanya hivi kila mwaka mkiimba.

Wanawake walikusanyika. Walitua mizigo yao kutoka kichwani, wakasimama ng'ambo ya njia. Mama Awor alinitazama miguuni, akasema, "Kumbe msaliti ana nyayo laini, kama za bibi harusi."

Walicheka, Dada, walicheka wakishikana mabega. Na mimi nilikuwa na majibu matatu. La kwanza lilikuwa kali, la pili lilikuwa na historia ndani yake, na la tatu lingewafanya wacheke pamoja nami mpaka mwisho wa mtaa. Yote matatu yalifika hapa kwenye meno.

Nikaendelea kukanyaga.

Kicheko kikaisha chenyewe. Wengine wakajitwika mizigo wakaondoka. Awor alibaki. Alivuka njia, akainama, akachota udongo wangu kwa vidole vyake vyenye makovu, akauminya, ukamtiririka mkononi. Akatikisa kichwa kwa kinyaa.

"Maji imezidi, wewe," akasema. "Ongeza majivu."

Nikaongeza.

Ndugu yako,
Badiru